Deni la Msimulizi: Juu ya Mchezo wa Prometheus

Hadithi itungwayo baadaye ili ieleze mambo yaliyotangulia hadithi nyingine huzaliwa ikiwa na deni shingoni. Msikilizaji wake amekwisha jua mwisho. Hangoji tena kuambiwa ni kitu gani kilichotokea. Hungoja kuambiwa kwa nini kilitokea. Akinyimwa sababu amenyimwa kila kitu, maana hakuna kingine alichofuata. Mchezo wa sinema uitwao Prometheus, ulioongozwa na Ridley Scott na kutolewa mwaka 2012, ulikopa kwa jina la mchezo mwingine wa mwongozaji huyo huyo, Alien wa mwaka 1979, na kwa jina hilo ulikusanya zaidi ya dola milioni 400 katika majumba ya sinema duniani. Watazamaji walilipa mlangoni. Msimulizi mpaka leo hajalipa.

Yafaa kwanza kukumbuka kilichokopwa. Katika Alien mabaharia saba wa merikebu ya mizigo ya anga iitwayo Nostromo waliamshwa usingizini na kushuka mahali wasipopajua. Walikuta chombo kikubwa kilichokufa, na ndani yake, juu ya kiti mfano wa mzinga, lilikaa jitu lililokauka likawa kama jiwe, mifupa yake imeshikana na kiti hata isijulikane mwili unakoma wapi na chombo kinaanza wapi. Kifuani mwake palikuwa na tundu, na mbavu zimepinda kuelekea nje. Jitu hilo lilikuwa nani? Hakuna aliyesema, wala haikuwa lazima kusema, kwa kuwa kazi yake katika kisa ilikuwa moja tu: kumwonyesha mtazamaji tundu lile kabla halijatoboka kifuani mwa mtu anayemjua. Nalo likatoboka, mezani, wakati wa chakula. H. R. Giger, msanii wa Uswisi, ndiye aliyelichora jitu na mnyama aliyeliua. Na aliyevaa ngozi ya mnyama huyo alikuwa Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisoma London, mrefu kupita kiasi cha watu. Mwafrika ndiye aliyeipa hofu ile mwendo wake, jambo ambalo wengi wausifuo mchezo huo hawalitaji.

Kwa muda wa miaka 33 jitu lile lilikaa kitini pake, na kila aliyeliona aliondoka na swali. Prometheus ukaja kulijibu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kiumbe mweupe mwenye umbo la mtu, mrefu na mkakamavu, anakunywa maji meusi kando ya maporomoko. Mwili wake unavunjika vipande, na vipande vinaanguka mtoni kuwa mbegu ya uhai. Baadaye sana, mwaka 2089, wataalamu wawili wa mambo ya kale, Elizabeth Shaw na Charlie Holloway, wanagundua picha katika pango la kisiwa cha Skye, Uskochi. Picha hiyo, yenye umri wa miaka 35,000, inaonyesha jitu likielekeza kidole kwenye nyota kadhaa, na mfano wake umeonekana pia katika magofu ya mataifa mengine ya kale. Tajiri mzee, Peter Weyland, anagharimia safari ya dola trilioni moja kwenda kuwatafuta hao wanaoitwa Wahandisi. Merikebu inafika mwaka 2093 ikiwa na watu 17, pamoja na David, roboti mwenye sura ya mtu. Wanakuta mahandaki, mitungi ya maji meusi, maiti za Wahandisi zilizokaa kama miaka 2000, na Mhandisi mmoja aliye hai katika usingizi. Anaamshwa. Anaua. Yakuta kwamba chombo chake kilikuwa tayari kuja duniani kutuangamiza.

Kwa nini walituumba? Kwa nini walitaka kutuua? Kwa nini waliacha ramani ya kutuita katika nyumba ya silaha? Mchezo unauliza yote matatu kwa sauti kuu, kisha unakwisha.

Wako wanaoutetea kwa ajili ya hilo hasa. Roger Ebert, mhakiki mwenye sifa wa Chicago, aliupa nyota zake zote nne, na moja ya sababu zake ni kwamba mchezo unazusha maswali juu ya asili ya uhai wa binadamu pasipo kuwa na majibu yake. Wengi wamefuata njia hiyo hiyo, na husema kwamba atakaye majibu ni mtu mvivu wa fikira. Hoja hii ina heshima juu ya uso wake, lakini ndani haina kitu, kwa kuwa inachanganya vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hafunzwi kuvitenga, huvijua. Kuna fumbo na kuna pengo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yamejaa mafumbo. Asiyejua ugomvi wa watu wa Mombasa wa siku zile hayafumbui upesi, na mengine pengine hatayafumbua asilani. Lakini jibu limo. Mshairi alilijua, akalifunika kwa kusudi, na kifuniko chenyewe kina umbo la kitu kilichofunikwa. Pengo halina kitu chini yake. Jitu la Alien lilikuwa fumbo: tundu la kifuani lilikuwa ufunguo wake, na ufunguo ulifungua. Mitungi ya Prometheus ni pengo.

Na yapimwe maji meusi yaliyomo ndani yake. Mhandisi wa mwanzo aliyanywa akayeyuka akazaa uhai. Minyoo ya udongoni iliyaogelea ikawa nyoka. Holloway alitiwa tone moja katika kileo chake akaugua, macho na ngozi vikamharibika. Mtaalamu wa miamba aliyeangukia kifudifudi katika maji hayo alifufuka akawa jini lenye nguvu za watu kumi. Shaw, aliyelala na Holloway na ambaye kabla ya hapo alikuwa tasa, alishika mimba ya pweza. Kitu kimoja kimefanya kazi tano zisizo na udugu. Hadithi za kisayansi zina ruhusa kubwa: zaweza kuumba dawa yoyote na sheria yoyote. Hazina ruhusa ya kuivunja sheria ziliyoiumba zenyewe. Katika Alien mnyama alikuwa na ukoo wake, yai, kisha kiumbe cha kuganda usoni, kisha kichanga cha kifuani, kisha mkubwa. Mtazamaji akishalijua hili anaogopa kabla hajaonyeshwa. Katika Prometheus mtazamaji hawezi kuogopa kitu kabla hakijafika, kwa kuwa hajui kitafika kwa sura gani. Huweza kushtuka tu, na kushtuka ni kazi ya mlango unaobamizwa.

Walakini maji hayo ni kosa dogo yakilinganishwa na watu walioyafuata.

Mtaalamu wa miamba, Fifield, ndiye mwenye kazi ya kuchora ramani ya mahandaki. Ana vyombo viduara vinavyoruka na kumulika kuta kwa nuru nyekundu. Vinakwenda mbele, na ramani inajichora yenyewe katika merikebu, pamoja na mahali aliposimama kila mtu. Huyu ndiye anayepotea njia. Anapotea pamoja na Millburn, mtaalamu wa viumbe, baada ya wote wawili kuiona maiti ya Mhandisi na kutaka kurudi nyumbani. Katika historia yote ya elimu ya viumbe hakuna aliyepata kuonyeshwa kitu kama kile, mwili wa kiumbe wa dunia nyingine, naye mtu wa elimu hiyo anageuka kwa woga akaondoka. Saa chache baadaye, gizani, kiumbe hai mfano wa nyoka mweupe anainuka mbele yake, ametanua kichwa kama swila aliyekasirika, na mtu yule yule aliyekimbia maiti anamsogelea kwa maneno ya upole, anampa mkono amshike. Mkono unavunjwa, nyoka anaingia ndani ya vazi, mtaalamu anakufa.

Wakati huo nahodha Janek, aliyezungumza nao kwa redio na kuwaambia kwamba chombo chake kimenusa kitu hai umbali wa kilometa moja, alikuwa ameiacha zamu kwenda chumbani kwa Meredith Vickers, bibi msimamizi wa safari. Idris Elba anamcheza nahodha huyu kwa uchangamfu unaomfanya mtazamaji apende kumsamehe. Lakini hakuna mwingine aliyeshika zamu, wala hakuna aliyeulizwa kesho yake. Watu wawili wamekufa, na si kwa kuwa mahali pale ni pa hatari, bali kwa kuwa mchezo ulihitaji maiti mbili na haukujua kuzipata kwa njia ya haki.

Ulinganisho na mchezo wa kwanza ni mchungu. Baharia wa Nostromo aitwaye Kane alipogandwa na mnyama usoni, wenzake walimbeba hadi mlangoni. Ndani alikuwako Ripley, naye alikataa kufungua. Sheria ya karantini ilisema saa 24. Ripley aliishika sheria mbele ya nahodha aliyekuwa nje akimwamuru. Mlango ulifunguliwa na Ash, mtaalamu wa merikebu, kwa mkono wake mwenyewe. Wakati ule kitendo chake kilionekana kuwa huruma. Nusu ya mchezo ikapita ndipo ikajulikana kwamba Ash ni roboti, amewekwa na kampuni ili mnyama afike salama, hata kama mabaharia wote watakufa. Kosa moja, na kosa hilo lina mwenyewe, lina sababu, na sababu yake ni mbaya kuliko kosa. Watu wa Nostromo walikuwa wachukuzi wa mizigo tu, wasio na shahada, na bado walijua kwamba kitu kigeni hakiingizwi ndani ovyo. Wataalamu wa Prometheus wanavua kofia zao za kioo katika hewa ya dunia nyingine saa ya kwanza ya kuingia handakini, kwa sababu kipimo kimesema hewa yavutika. Kana kwamba hewa inayovutika haiwezi kubeba ugonjwa! Nao waliteuliwaje? Waliajiriwa, wakalazwa usingizi zaidi ya miaka miwili, na ndipo walipoamka wakaambiwa wamefuata nini. Trilioni ya dola ilitumika, na hakuna aliyeuliza kama mchora ramani anajua kusoma ramani.

Msomaji mpole atasema kwamba haya ni makosa ya kuchekesha, na sinema ni pumbao. Hapana. Prometheus haukujitambulisha kuwa pumbao. Ulijipa jina la Mgiriki aliyeiba moto wa miungu, ukajitangaza kuwa unasema juu ya Muumba na kiumbe, juu ya elimu na imani. Kwa hiyo picha inayotoa ya mtu wa elimu ina uzito. Mtu huyo ni nani katika mchezo huu? Ni mlevi, au mwoga, au mpayukaji. Millburn anauliza swali moja la haki: anawataka Shaw na Holloway watoe ushahidi wa kutupilia mbali karne za elimu ya Darwin. Shaw anajibu kwamba hana ushahidi, ila amechagua kuamini hivyo. Na hapo mjadala unafungwa, na muziki unamuunga mkono Shaw. Jibu hilo linaudhi pande zote mbili. Linaidharau elimu, kwa kuwa dai juu ya chanzo cha viumbe haliwi kweli kwa kuchaguliwa. Linaidharau imani pia, kwa kuwa mwenye imani hakuichagua kama mtu achaguavyo kitambaa dukani. Ameshikwa nayo, naye huitolea hesabu maishani mwake. Hata ushahidi unapokuja hautazamwi. Damu ya Mhandisi inapimwa, na urithi wake unaonekana kuwa sawasawa na wetu. Basi uhai duniani una umri wa zaidi ya miaka bilioni tatu na nusu. Ikiwa Mhandisi alipanda mbegu mwanzoni, ni ajabu gani iliyoifanya mbegu hiyo ipitie bakteria, samaki na mjusi, kisha itoe mtu mwenye urithi ule ule bila tofauti? Na ikiwa alimpanda mtu peke yake, sokwe, ambaye urithi wake unakaribia wetu kwa zaidi ya asilimia 98, aliupata kwa nani? Mtaalamu wa viumbe ndiye angeuliza haya, lakini yeye yuko shimoni anambembeleza nyoka.

Liko jambo jingine ambalo wahakiki wengi wamelipita, na ambalo mtu wa lugha hawezi kulipita. Katika miaka miwili ya safari, wenzake wamelala, David anajifunza lugha za kale ili apate kusema na Wahandisi. Mwalimu wake wa picha anamfunza lugha-mama ya ukoo wa lugha za Ulaya na Uhindi, ile iliyoundwa upya na wataalamu kwa kulinganisha Kisanskriti, Kigiriki, Kilatini na ndugu zao. David anakariri hata ile hurafa ya kondoo na farasi aliyoitunga August Schleicher mwaka 1868 kuonyesha jinsi lugha hiyo ilivyodhaniwa kuwa. Na Mhandisi anapoamka, hiyo ndiyo lugha anayosemeshwa.

Sasa irudiwe orodha ya mataifa ambamo, kwa kauli ya mchezo wenyewe, ramani ya nyota ilionekana: Misri, Wamaya, Sumer, Babeli, Hawaii. Kimisri cha kale si cha ukoo huo. Kibabeli ni ndugu wa Kiarabu na Kiebrania. Kisumeri hakina ndugu anayejulikana. Kimaya ni cha Marekani ya kale, na Kihawaii ni cha ukoo mmoja na Kimalagasi cha Bukini. Hakuna hata taifa moja katika orodha hiyo lililosema lugha aliyofunzwa David! Tena lugha-mama hiyo hukadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 6000, na picha ya Skye ina 35,000. Wataalamu wa lugha za Kibantu, tangu Carl Meinhof alipotoa kitabu chake cha sauti za lugha hizi mwaka 1899 hata Malcolm Guthrie miaka ya 1960, wamejua vema kwamba lugha-mama iliyoundwa upya ni makisio ya mizizi, ni kivuli cha lugha wala si lugha ya kuagizia maji ya kunywa. Lakini ukosefu wa elimu si ubaya mkubwa hapa. Muumba wa watu wote amepewa ulimi wa ukoo mmoja, na waliotunga hawakuona kwamba wamesema neno. Wachina, Waarabu, Wabantu, Wahawaii wa ile ramani, wote wameumbwa na bwana asiyejua lugha zao, bali ajuaye babu wa Kiingereza. Kosa la namna hii halitokani na haraka. Hutokana na kutofikiri kwamba kuna mtu mwingine aliyekaa katika jumba la sinema.

Na David alimwambia nini Mhandisi? Mchezo haukufasiri. Sentensi yenye thamani kuliko zote, neno la kwanza la kiumbe kwa aliyemuumba, imesemwa kwa lugha isiyo na msemaji na ikaachwa hivyo. Mhandisi anamng'oa David kichwa na kumpiga nacho Weyland hata afe. Mazungumzo marefu zaidi ya Mhandisi yalipigwa picha kisha yakakatwa. Shaw anapojaribu kuuliza kwa nini wanatuchukia, mlinzi wa Weyland anampiga tumboni.

Tumbo hilo! Saa hiyo limeshonwa kwa pini za chuma. Ni haki kusema kwamba tukio la Shaw kujipasua mwenyewe ndilo bora katika mchezo mzima. Anaingia katika kitanda cha matibabu ambacho, kwa dharau ya ajabu, kimetengenezwa kwa mwili wa mwanamume tu; anakidanganya, kinampasua angali macho, kinamtoa kiumbe, kinamfunga. Hofu yake ni ya kweli, na Noomi Rapace anaicheza kwa mwili wake wote. Kwa muda wa dakika chache Alien umerudi. Kisha anatoka, amejaa damu, anayumbayumba, na anaingia katika chumba ambamo Weyland, aliyedhaniwa amekufa, anavalishwa na kuoshwa miguu. Na hakuna, katika watu wote waliomo, anayemwuliza umepatwa na nini. Hawamwulizi kiumbe yuko wapi. Kiumbe amefungiwa hai katika merikebu yao, anakua. Tukio kubwa kuliko yote limetokea, na katika mchezo halikumtokea mtu. Kasoro hii ni kubwa kuliko ya ramani na ya nyoka, maana mtu hupimwa katika hadithi kwa athari ya jambo lililompata jana juu ya atendalo leo. Shaw hana jana. Ndiyo maana Vickers anapomwita Weyland baba, siri hiyo inafichuliwa na kuanguka chini kama kijiko. Na Vickers huyo huyo, chombo kikubwa cha duara kinapobiringika nyuma yake, anakikimbia mbele kwa mbele katika mstari ulionyoka, asigeuke kando hatua kumi, hata kimponde.

Lawama haiwezi kutupwa yote juu ya wachezaji, na juu ya wachora mandhari haifai kutupwa kabisa. Michael Fassbender amempa David adabu ya mtumishi na jicho la mwuaji kwa wakati mmoja. Mandhari ya Iceland yana utukufu. Mchezo uliandikwa kwanza na Jon Spaihts. Damon Lindelof aliitwa baadaye kuuandika upya, na katika kuandikwa upya kamba zilizoufunga mchezo kwa Alien zilikatwa nyingi. Matokeo yake hata jitu la kitini halikuelezwa. Mahali penyewe si pale: Nostromo ilishuka LV-426, na Prometheus inashuka LV-223. Chombo si kile. Mifupa iliyoshikana na kiti imegeuzwa kuwa vazi, na ndani ya vazi mna mtu mweupe, mrefu kidogo kuliko mcheza mpira wa kikapu. Fumbo limeondolewa mahali pake, na badala yake halikuwekwa jibu.

Ahadi ilikuwa kwamba majibu yangekuja katika mchezo wa pili. Shaw aliondoka na kichwa cha David katika mfuko, akisema anakwenda kwa Wahandisi kuwauliza kwa nini walibadili nia, na maelfu ya watazamaji walitoka wakimngojea arudi na habari. Mchezo huo, Alien: Covenant, ulitolewa mwaka 2017. Wahandisi wanaonekana humo kwa muda mfupi, wamekusanyika katika uwanja wa mji wao, na David anawamwagia mitungi ya maji meusi kutoka juu wakafa wote kabla hawajaulizwa neno. Shaw ni maiti iliyopasuliwa juu ya meza. Na mabaharia wapya, wakiwa na merikebu iliyobeba watu 2000 waliolala, wanashuka katika dunia wasiyoijua, wanafungua mlango, na kutembea majanini bila kofia.